Mafi Bahar

Miaka ile mawakala walipokuwa wakitusafirisha kwa mafungu kwenda Saudia, mimi niliangukia nyumba ya madam mmoja wa Al-Naseem, Riyadh. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumtunza bibi, mama yake madam, mzaliwa wa Ruwais kule Jeddah. Mkataba wangu wa miaka miwili ulikuwa umekwisha, na kila nikiomba ruhusa ya kwenda kwetu Mombasa, madam alikuwa na jibu: baada ya Ramadhani, baada ya mitihani ya watoto. Kisha ikawa baada ya Uingereza.

Ndivyo nilivyojikuta kusini mwa Uingereza kiangazi kizima, watoto wakisomeshwa Kiingereza, na kila Jumamosi tukipelekwa mji wa kale au wa pwani, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Nilikuwa nikienda nimenuna. Lakini mji wa Rye ulinitoa kinyongo chote. Nyumba za mbao zimeinamiana kama watu wanaosengenya, na njia ya mawe imelainishwa na nyayo za watu waliokufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Kibao kilisema zamani bahari ilifika chini ya mji, kisha ikajiondokea. Nikamfasiria bibi. Akashika ukuta, akasema "Subhanallah" mara tatu.

Mchana tukashuka ufuoni, Camber. Tangu Riyadh bibi alikuwa na haja moja tu, kutia miguu baharini angali anaiona, maana macho yalikuwa yakimwishia na daktari hakumpa tamaa. Nikampandisha kilima cha mchanga nimemshika mkono. Mbele yetu mchanga mtupu, hadi upeo wa macho.

"Mafi bahar!" akapiga ukelele. Bahari hakuna.

Bahari ya Jeddah haipwi wala haijai kwa kutajika. Inakaa pale pale. Bibi, na umri wake wote, hakuwahi kuiona ikiondoka. Alidhani hii nayo imehama kama ile ya Rye. Akaanza kulia.

Madam akatazama saa. "Halas, basi. Yalla, twendeni, hapa hakuna kitu."

Mimi ni mtu wa Likoni. Nilikuwa nimeshaona vijito vya maji vikianza kuingia mchangani. Kwa mara ya kwanza nikamkatalia.

"Madam, maji yamekupwa tu. Yaja hayo. Ngojeni kidogo."

"Nani kakwambia?"

"Sikuambiwa. Nimezaliwa nayo."

Bibi akaketi mchangani. Basi, maneno yakaisha. Nani angethubutu kumwinua?

Maji yakaja, nikamshusha kilimani kuyalaki. Nimeyaona yakijaa tangu utotoni, lakini si namna ile, kwenye uwanda mpana vile, yakitambaa bila kelele na mbingu nzima imo ndani yake. Nywele zilinisisimka, mimi niliyejifanya mjuzi. Yakamfika bibi vidoleni, yakampanda hadi vifundoni, baridi ya kuuma. Alicheka na kulia kwa pamoja, na mkono wangu akauminya mpaka ukaniuma. Nilifurahi kupita kiasi.

Garini, bado miguu imelowa, akamgeukia madam.

"Binti yangu, bahari imekwenda na imerudi siku moja. Huyu, huu ni mwaka wake wa tatu kwetu. Yeye atarudi kwao lini?"

Siku hiyo madam hakuja na "baada ya" nyingine.