Makongoro ya Bibi

Nilitia magadi kwenye supu ya makongoro. Ndiyo, magadi yale yale ya kulainishia maharage. Nilitaka miguu ya ng'ombe iive upesi niwahi mpira, maana timu yetu bila mimi ni wachezaji kumi na kelele. Nani angeniambia kwamba magadi yakikutana na mafuta yanaanza kazi ya sabuni? Chungu kilitoa povu likamwagikia mafiga.

Bibi alionja kijiko kimoja.

"Mume wangu," akasema, "umenipikia au umenifulia?"

Nilicheka peke yangu. Magoti yake yalikuwa yamevimba, na Jumapili ile kitukuu wake alikuwa anabatizwa. Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, kanisa la Kasulu limekuwa mbali, naye alikuwa ameapa kufika kwa miguu yake, hapakiwi kwenye baiskeli kama gunia la muhogo. Dawa aliyoiamini ni supu ile tu.

Nikaenda kwa mwenye bucha sokoni.

"Shikamoo, mzee. Naomba makongoro."

"Marahaba. Nami nakuomba ng'ombe."

"Basi nikukwangulie yote, uniachie miguu miwili."

Nilibabua manyoya na kukwangua mpaka nikanuka kama ng'ombe aliyeangukia moto.

Safari hii sikuharakisha. Mwalimu wa sayansi alitufundisha kwamba ndani ya gegedu, ule mfupa laini wa kwenye viungo, kuna sukari zilizoshikana mnyororo mrefu; ndizo hushika maji, kiungo kikateleza. Nililamba gegedu. Mwalimu anisamehe, si tamu hata kidogo! Lakini moto mdogo uliutoa utelezi wote. Nikaengua mafuta, nikachuja kwa kitambaa, nikajaribu tone kati ya vidole: vikanata. Kwa baridi ya huku, asubuhi bakuli lilikuwa limeganda. Ukilitikisa, linacheza kama kiuno cha shangazi harusini.

Bibi alikunywa kila siku, mama akimkanda kwa maji ya moto. Sisemi supu peke yake ndiyo iliyomwinua, ukaidi wake nao ni dawa. Ila Jumapili alitembea, fimbo mkononi, akipumzika njiani na kuwazomea wenye baiskeli. Mimi nyuma yake, kifua mbele kuliko baba wa mtoto.

Mlangoni mwa kanisa Bibi aliisifu supu yake, mama mmoja wa kwaya akauliza nani kampikia dawa hiyo. Mama yangu, ambaye nikiharibu huniita mtoto wa baba yangu, akawahi kujibu:

"Kapika mwanangu."