Redio Ndani ya Valizi

Jumanne ya pili ya mwezi wa tano nilimpoteza mume wangu. Katikati ya mwezi wa saba nikapoteza redio yake. Juu ya kifo chake bado siwezi kuandika vizuri. Juu ya redio naweza.

Haikuwa redio ya kuweka mezani. Ilikuwa ndani ya simu yake, redio ya muziki inayopita kwenye interneti, na ilikuwa ya bure. Unaipa wimbo mmoja unaoupenda, nayo inakutafutia mingine inayofanana nao. Ukipendezwa unabonyeza kidole gumba kinachoangalia juu, ukichukizwa unabonyeza kinachoangalia chini, na polepole inakujua. Mume wangu aliifundisha kwa miaka minne. Alikuwa fundi wa breki za mabehewa kwenye reli hapa Kalemie, na alipostaafu mchana ulimshinda. Mimi nashona barazani. Alileta kiti chake karibu na mashine yangu, akaweka simu ndani ya bakuli la bati ili sauti iwe kubwa, na hapo ndipo tuliposhinda.

"Mama, huu vipi?" aliniuliza kila wimbo mpya ulipoanza.

"Redio si yako, Papa? Jiulize mwenyewe."

"Miguu yako imepunguza mwendo kwenye pedali. Hauupendi." Na kidole kikaenda chini.

Kwa kuwa hatukulipa, kila baada ya nyimbo chache kulikuwa na matangazo. Mwanamke mmoja mwenye sauti laini alizungumza Kifaransa cha Ulaya na kutualika tukaangalie magari mapya. Mume wangu alimjibu kila mara, kwa adabu, kama anayemjibu mgeni aliyesimama mlangoni.

"Asante, Mama. Gari hatuna, na barabara yetu unaijua."

Mara ya kwanza nilimwambia anatuaibisha mbele ya majirani.

"Ametusalimia," alisema. "Unataka ninyamaze?"

Alipokufa tulifanya kama inavyofanywa kwao. Vitu vya marehemu havishikwi mpaka matanga yaishe. Dada yake mkubwa, aliyekuja kutoka Zongwe, alikunja nguo zake, akaziweka kwenye valizi pamoja na viatu, saa na simu iliyozimwa. Akaifunga, akafungia ufunguo kwenye pindo la kitenge chake, akarudi nao Zongwe. Valizi ikabaki chini ya kitanda changu. Na muziki haupigwi kwenye nyumba yenye matanga. Kwaya ya kanisa ilikuja kutuimbia, lakini hiyo ni sala. Siku nyingine nilishona kimya, nikaisikia mashine yangu kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Ina mlio mbaya.

Nitasema ukweli, sikulia sana siku zile. Nilikuwa na mpango wangu. Nilijiambia kwamba siku valizi itakapofunguliwa nitaomba ile simu, nitaiweka kwenye bakuli, na nyimbo zitakuja kama alivyozichagua yeye. Kwa hiyo nilingoja kwa utulivu, kama mtu aliyewekewa chakula.

Dada alipaswa kurudi siku ya arobaini. Ziwa lilichafuka, boti za Zongwe hazikutoka, na baadaye akaugua malaria. Alichelewa karibu wiki tatu. Alipofika, familia ilikaa, valizi ikafunguliwa, nguo zikagawanywa. Mimi niliomba simu tu.

"Bibi yetu, unaacha koti zuri hivi, unataka simu yenye kioo kilichopasuka?"

"Nipe tu, Dada."

Niliichaji kwa jirani mwenye umeme wa jua. Nilipofungua redio haikuja sauti, ulikuja ukurasa wa maandishi. Shule yangu iliishia darasa la sita, na Kifaransa kile kilinizidi. Nikampelekea mama wa kibanda cha fotokopi. Alisoma mara mbili kabla ya kuinua kichwa.

"Mama, redio ya bure imekwisha. Sasa ni abonema, unalipa kila mwezi."

"Nitalipa. Na nyimbo alizozichagua?"

"Wanasema walitoa taarifa mwezi wa tano. Aliyetaka ahifadhiwe redio yake ya zamani alitakiwa kubonyeza hapa, kukubali, kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Asiyebonyeza wameifuta."

"Kubonyeza tu?"

"Kubonyeza tu. Hata kulipa ilikuwa bado."

Mwisho wa mwezi wa sita ile simu ilikuwa ndani ya valizi, na mimi nililala juu yake kila siku.

Nililipa abonema palepale, kwa pesa ya simu yangu. Mama wa kibanda aliniambia, kwa kunifariji, kwamba anayelipa hasumbuliwi tena na matangazo. Nilimshukuru bila kufikiri.

Nyumbani nilimkuta Dada anamenya mihogo uani, karibu na baraza. Nikamweleza yote.

"Mimi njo nilikuwa na ufunguo," alisema.

"Ndiyo."

"Ungetuma muntu aje kuuomba."

"Ungenipa?"

Alimenya muhogo mmoja mpaka mwisho. "Hapana," alisema. "Na wewe usingeomba."

Ni kweli. Nimejiuliza tangu hapo kama ningevunja kufuli, endapo ningejua. Sidhani.

Redio mpya ilikuwa na swali moja: unataka kuanza na wimbo gani? Miaka minne niliketi kando yake na sikuwahi kumuuliza yeye alianza na upi. Nyimbo alizozichukia ningeweza kuzitaja zote. Ule wa kwanza sikuujua. Nilimwambia Dada hivyo, na nadhani hapo ndipo alipoelewa nilichopoteza, maana aliweka kisu chini.

"Alipokuwa kijana," alisema, "akitoka kuoga ziwani alipiga mluzi wimbo mmoja, siku zote huohuo. Hivi." Akajaribu. Dada hana meno ya mbele.

"Huo si wimbo, Dada. Huo ni upepo."

Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu maziko. Kisha akauimba kwa maneno, rumba ya zamani, nami nikaitambua. Niliwahi kuisikia ikitoka kwenye bakuli, zaidi ya mara moja. Nikaandika maneno yake kwa kidole kimoja. Kama ndio alioanza nao, sijui. Ndio tuliokuwa nao.

Muziki ukaja. Niliweka simu kwenye bakuli, nikaendelea na sketi ya shule niliyokuwa nashona. Wimbo wa pili miguu yangu ilipunguza mwendo. Nikainama, nikabonyeza kidole chini mwenyewe. Ukaja wa tatu, na wa nne. Wa nne ulipoisha nilisimamisha pedali. Wa tano ukaanza papo hapo.

"Mbona umesimama?" Dada aliuliza.

"Nilikuwa namngoja mwanamke wa magari."

Ilibidi nimweleze ni nani huyo, anasema nini, na kaka yake alimjibu nini kila siku. Dada alisikiliza huku ameshika muhogo mkononi. Wimbo wa tano ukaisha. Pale katikati, kabla mwingine haujaanza, aligeuka upande wa bakuli.

"Asante, Mama," alisema haraka. "Gari hatuna. Tuna mtumbwi."

Wimbo wa sita ukaanza, nami nikakanyaga pedali.