Nililiita Gitaa la Mume Wangu Boksi, Shoga Yangu Akalichukua

Kosa ni langu. Nalisema hilo mwanzo kabisa, kabla sijamtaja aliyenitenda, kwa sababu nikianza na yeye mtanionea huruma, na huruma hiyo siistahili yote.

Mimi ni mwanamke wa Chaani, Changamwe. Wazazi wangu walishuka kutoka bara kufuata kazi za bandarini, mimi nikazaliwa papa hapa. Nimeolewa, nina binti mmoja, naye tumwite Pendo. Na napiga gitaa. Nilijifunzia lile la kanisani, ambalo mzee wa kwaya alikuwa akilifungia kabatini kila baada ya ibada, kwa hiyo miaka yote hiyo sikuwahi kuwa na gitaa la kulaza nyumbani kwangu.

Pendo alipoanza kusimama dede, baba yake akaja na gitaa.

Mume wangu anafanya kazi kwenye yadi ya makontena. Muziki haujui hata kidogo. Alinieleza kwamba kule dukani, mjini, muuzaji alimtolea magitaa yenye maua ya dhahabu tumboni, akimsifia hili na lile. Yeye akasema hajui kupiga, lakini masikio anayo. Akaomba kila gitaa lipigwe uzi mmoja tu, kisha mtu asiliguse tena. Akafumba macho, akasikiliza. Akachukua lile ambalo sauti yake ilichelewa kunyamaza.

Lilikuwa la bei ya mtu wa kawaida, rangi ya asali, halina jina. Pale kichwani, mahali ambapo magitaa ya watu huandikwa kampuni, palikuwa mbao tupu. Lakini lilikuwa na sauti, jamani! Nyuzi nene zilinguruma bila kufunika mdomo wa mwimbaji, na zile nyembamba ukizigusa kidogo tu zinaitika.

Nililipenda. Mpaka nilipoanza kwenda nalo mbele za watu.

Hapa ndipo niungame lile ambalo hata mume wangu alichelewa kulijua. Siku moja nilikuwa napiga kwenye harusi kule Mkomani. Bwana mmoja mwenye gitaa lake la maana akanisogelea wakati wa chakula, akaniuliza hili langu ni la kampuni gani. Nikaona uso unanichoma. Nikamwambia si langu, nimeazima.

Gitaa la mume wangu, nikalikana kwa mtu ambaye hata jina lake silijui!

Tangu siku ile, nikiwa mbele za watu nilizoea kushika kichwa cha gitaa kwa kiganja, wasione kwamba hakijaandikwa kitu.

Sasa nimlete Riziki. Jina hilo si lake, nimempa mimi. Ni mzaliwa wa Likoni, mwimbaji, naye gitaa analijua. Kabla hatujajuana alikuwa ameuza vyombo vya muziki dukani, kwa hiyo habari za mbao na nyuzi nilimwachia yeye. Tulikutana harusini, tukaanza kuitwa pamoja, mimi nikipiga na yeye akiimba, wakati mwingine tunabadilishana. Kila Jumamosi alivuka feri akaja kwangu kufanya mazoezi. Tulikula sahani moja. Pendo alimwita mama mdogo.

Masika yalipokuja, gitaa likaanza kunitesa. Nyuzi ziliinuka zikawa mbali na shingo, kuzibonyeza mpaka vidole viume. Uzi mmoja ukawa unakwaruza kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Na wakati huohuo Riziki akaleta habari njema: kuna hoteli pwani ya kusini inatafuta wanawake wawili wa kuwapigia wageni kila Ijumaa jioni. Kazi ya kudumu. Walitaka kwanza kutusikiliza.

Siku hiyohiyo nikamtolea gitaa. Nikamwuliza, na maneno yangu nayakumbuka vizuri kwa sababu baadaye alinirudishia: "Shoga, nikienda na hili, hawatatucheka?"

Akalipokea. Akafumba jicho moja, akaichungulia shingo kutoka kichwani mpaka chini. Akaligonga tumbo kwa kidole, hapa, pale, akiwa ametega sikio. Alikawia. Kisha akatikisa kichwa.

"Shoga, hili limekwisha," akasema. "Shingo imepinda, na hii ni plaiwudi ya bei rahisi. Gundi imeanza kuachia. Ukilipeleka kwa fundi utatupa pesa."

Nitawaambieni ukweli. Sikuumia. Nilifurahi! Moyoni nilikuwa nikingoja mtu anayejua aniambie maneno hayo, ili nipate sababu ya kununua gitaa lenye jina. Riziki akasema binamu yake anauza moja jeusi, linachomekwa kwenye spika, jina limeandikwa kichwani kwa dhahabu. Nikatoa akiba yangu yote ya pesa za kupiga harusini nikalinunua.

Na lile la asali? Riziki akasema jirani zao wana watoto, atawapelekea wachezee. Nikamwambia achukue, hata kuni halifai. Nikamfungia kwa kanga yangu mwenyewe. Nikamshukuru kwa kuniondolea mzigo ndani.

Jioni mume wangu akarudi kutoka yadi. Akaliona jeusi limeegemea ukuta, akauliza lile lingine liko wapi. Nikamjibu, tena nikiwa nakoroga mboga, sikugeuka hata kumtazama: "Baba Pendo, walikudanganya dukani. Lile lilikuwa boksi tu."

 Akavua viatu. Nilimsikia akivigonga nje kutoa mchanga, akarudi, akakaa.

"Basi ulifanya vizuri kulitoa," akasema.

Sikumsikia vizuri siku ile. Maneno niliyasikia, mtu sikumsikia. Kabla ya hapo alikuwa na tabia ya kuniambia nimpigie kitu kabla hatujala. Baada ya siku ile hakuniomba tena, na mimi nikadhani ni uchovu wa kazi.

Jeusi lilikuwa zuri kulitazama. Ukilichomeka kwenye spika linapiga kelele. Usipolichomeka, ni kama mtu anayegonga kabati la nguo. Na siku moja mpigaji mwenzangu akalishika kichwani, akasoma lile jina la dhahabu polepole, akacheka mpaka akakaa chini. Jina lilikuwa na herufi moja pungufu. Lilikuwa bandia! Nikacheka naye, lakini moyoni nilitamani ardhi inimeze.

Habari za hoteli zikafifia. Nikimwuliza Riziki, ananiambia wameahirisha, wanakarabati ukumbi, watatupigia. Jumamosi nazo zikapungua. Mara mama mgonjwa, mara feri ina foleni. Nikamwamini, maana sikuwa na sababu ya kutomwamini. Nikamwombea mama yake kanisani!

Ikaja sherehe ya harusi huko Mtongwe, ya binti wa mtu anayefanya kazi na mume wangu. Tulikwenda sote watatu, mchana. Tulikuwa bado tuko nje ya geti, mimi nimemshika Pendo mkono, tukisalimiana na wenyeji, muziki unatoka ndani ya hema.

Mume wangu akasimama katikati ya salamu. Akageuza sikio.

"Mama Pendo," akaniambia polepole, "si sauti ya lile gitaa ile?"

Nilikuwa nimeshaisikia. Nilikuwa naiomba isiwe.

Tukaingia. Riziki alikuwa amekaa mbele na msichana mwingine nisiyemjua, wamevaa gauni za sare. Gitaa la asali lilikuwa mapajani mwake. Nyuzi mpya, limepanguswa linang'aa, na halikukwaruza hata mara moja. Alipogusa zile nyuzi nyembamba ziliitika kama zilivyokuwa zikiniitika mimi. Kichwa chenye mbao tupu kilikuwa wazi mbele ya watu wote, wala hakukificha. Mshereheshaji akawatangaza kwa furaha: hawa ndio dada zetu wanaopiga kila Ijumaa hotelini. Watu wakapiga makofi.

Nikamngoja. Walipopumzika kula nikamfuata nyuma ya nyumba, kunakooshwa vyombo. Alikuwa na sahani ya pilau mkononi. Akanikaribisha kama watu tulioagana jana.

Nikamwuliza gitaa la kuwapa watoto limefikaje hapa. Hakuhangaika. Akanieleza kwamba ndani ya shingo mna chuma, kinakazwa kwa kifunguo kidogo, na fundi alikikaza shingo ikanyooka. Akasugua kidogo kile kijiti kinachobeba nyuzi, akafunga nyuzi mpya, basi. Kazi ya asubuhi moja. Plaiwudi ni kweli plaiwudi, akasema, lakini imetengenezwa vizuri, na gundi haijaachia popote.

"Na siku ile ulipoligonga pale kwangu," nikamwambia, "ulijua?"

"Nilijua."

"Na hoteli?"

Akaiweka sahani juu ya ndoo. Akasema walikwenda wiki ileile, yeye na yule msichana, wakachukuliwa.

  Nikamwuliza kwa nini, mimi nimemkosea nini. Nadhani nilitaka aniambie kuna siku nilimwudhi, niombe msamaha, mambo yaishe. Hakuniambia hivyo.

"Ningekuomba ungenipa?" akasema. "Wewe ulikuwa ukilionea haya, mwenzangu. Hukuniuliza kama lina sauti. Uliniuliza kama watatucheka."

Nikamwambia anirudishie. Akanijibu kwamba nilimpa kwa mikono yangu, nikamfungia kwa kanga yangu, na nikamshukuru.  Uongo wote ulikuwa wake, lakini hayo matatu yalikuwa kweli.

Kumbe mume wangu alikuwa amekuja, amesimama nyuma yangu na Pendo begani. Sijui alisikia kiasi gani. Riziki akainama, "Shikamoo shemeji." Mimi nikangoja amwage hasira, nilitamani aimwage! Akaitikia salamu. Kisha akamwambia, "Umelitunza vizuri. Usiliache karibu na dirisha, unyevu wa huku unaharibu mbao."

Akanigeukia mimi. "Twendeni tukale, wenyeji wasione vibaya."

 Tulipofika nyumbani nikalia, nikamwambia yote, hata ile ya Mkomani, jinsi nilivyosema nimeazima. Hiyo ndiyo iliyombadilisha uso. Akaanza kumvua Pendo viatu.

"Kuchukuliwa gitaa hakukuniuma," akasema mwishowe. "Mtu akikudanganya umedanganywa. Lakini kabla huyo hajafika, wewe ulikuwa umeshaliona halifai. Mimi nililisikiliza dukani nikakufikiria wewe."

Nimewapoteza wawili, jamani. Shoga yangu niliyempa funguo za nyumba yangu. Yeye hajarudi wala sijamfuata. Ile kazi ya hoteli imekwenda, na harusi nazo sasa wanaitwa wao. Mume ninaye, ananipenda, nisimsingizie. Lakini kuna kitu kilichokuwa wazi kati yetu ambacho kimerudishiwa mlango.

Nililiuza lile jeusi kwa bei ya kutupa, nikaanza kuweka akiba upya. Juzi nikamwambia Baba Pendo, twende wote mjini, anisaidie kuchagua jingine, la bei yetu. Alikuwa anapiga pasi nguo za kazi. Hakukunja uso wala hakupaza sauti.

"Nenda na wanaojua," akasema.

Nikaenda peke yangu. Muuzaji akanipigia moja, akanipigia jingine, nikafumba macho kama alivyofanya mume wangu. Sikusikia lolote ila moyo wangu. Nikatoka mikono mitupu.

Wewe unayesoma, huenda una gitaa la bei nafuu lisilo na jina, linakwaruza, linakutia haya. Lipeleke kwa fundi asiyekujua wala asiyelitaka, akukazie shingo kabla hujalihukumu. Uliza lina sauti, usiulize lina jina. Na usimpe mtu anayesimama pembeni yako jukwaani kazi ya kukuambia chako kina thamani gani, hata kama mnakula sahani moja.

Na huyo rafiki akikuambia kitu ulicholetewa nyumbani hakifai, usimjibu. Mkaribishe ndani, mpe kiti, mwambie arudie maneno yake mbele ya aliyekununulia.