Kofia Isiyozunguka

Aibu hii naiandika mwenyewe kabla hamjaisikia kwa majirani zangu wa Malindi, maana wao wakisimulia wananiongezea na kuanguka, na mimi sikuanguka.

Mjukuu wangu Maimuna anakaa Kikwajuni, si mbali na kwangu, na mama yake (baba yake, mwanangu, yuko Maskati). Kila alasiri alikuwa akija kwangu na daftari lake, na miguu yake ndiyo pekee iliyokuwa ikipanda ngazi zangu. Siku moja akatoa karatasi ya hesabu, akaanza kunisomea kutoka juu. Nikamkata kauli.

"Nisomee swali, hayo maneno ya juu siyataki."

Akasoma: kopo la duara, upana wa juu sentimita ishirini, mzunguko wake hamsini, kimo kumi, tafuta ujazo.

Mimi skuli niliishia darasa la pili, lakini kofia za viua, zile za vitundu vya kudarizi, nimeshona tangu sijaolewa, na kofia ni kopo lililopinduliwa. Ukanda wa pembeni lazima uwe mara tatu ya upana wa juu, na vidole kadhaa zaidi.

"Kopo hili halipo duniani," nikasema.

Maimuna akacheka. "Bibi, ngoja nkwambie..."

"Nyamaza. Mwalimu wako ntamwambia mimi."

Basi nikakata kitambaa kwa vipimo vile vile, nikashona, ukanda ukaishia njiani, likabaki pengo la kupita ngumi, nikaibeba kofia yangu mpaka skuli siku ya wazazi. Mwalimu akanambia shikamoo, nikamwitikia, papo hapo mbele ya watu wote nikamwambia, "Sasa nivalie hii." Wakacheka, nami nikanogewa (mjinga hana dalili), nikaeleza yote, mara tatu na vidole.

Mwalimu akangoja nimalize, akanisomea maneno ya juu ya karatasi: kati ya maswali haya limo moja lisilowezekana, litafute, useme kwa nini.

"Umepata, Bi Mkubwa," akasema taratibu. "Ila asubuhi Maimuna kanambia kalipata, nikampa yeye zamu ya kueleza."

Nikageuka. Mama yake kainua simu, amrikodie baba wa Maskati. Maimuna kasimama na karatasi yake, akaikunja, akakaa.

Tangu siku hiyo hesabu anafanyia kwao. Kofia ile sijaifumua. Alasiri nauacha mlango wa chini wazi, nashona. Akirudi atanisomea kutoka juu, neno kwa neno, na mimi ntabana uzi kwa meno mpaka amalize.