Kidole Gumba cha Mama wa Maabara

Nilichokiona kwanza kwake ni kidole gumba. Kilikuwa na sugu, na kilibonyeza hewa hata akiwa ameshika kikombe cha chai. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amehesabu chembe nyeupe za damu kwa mashine ndogo ya kubonyeza. Tulimwita Mama Gumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Digrii. Leo unahesabu au unakisia?"

Ndiye aliyenielewesha niliyoyakariri chuoni. "Uboho wa mfupa ni mzazi," alisema. "Seli mama huzaa wachanga. Wengine hukomaa humo humo. Wengine hupelekwa shule, kwenye tezi iliyo nyuma ya kidari. Huko, anayewapiga wa nyumbani, yaani mwili wenyewe, hafuzu, anauawa. Waliobaki ndio askari wetu."

Kisha kitindamimba wake, binti, akaugua. Uboho wake ukaacha kuzaa. Kaka yake akatoa seli mama, zikapitishwa kwenye mshipa wa dada yake kama damu ya kawaida, zijitafutie mifupa zenyewe. Binti akafungiwa chumba cha peke yake. Bila askari, hata mafua yangemuua.

Tukasubiri chembe ya kwanza. Siku ya kumi na nne mama alivunja sheria yetu: husomi slaidi ya damu ya jamaa yako. Aliona kiini cha zambarau chenye mapande matatu, alama ya askari aliyekomaa, akapiga simu wodini.

"Mwanangu, wamefika!"

Binti alicheka huku analia. Nilimsikia nikiwa upande wa pili wa meza.

Mkuu wa maabara akainamia hadubini. Akakawia.

"Dada yangu," alisema taratibu, "hii si chembe. Ni rangi ya slaidi iliyoganda."

Lilikuwa kosa lile lile ambalo Mama Gumba alitukaripia sisi kila siku. Alipiga simu tena, binti alipoitika akanisogezea. Nikaichukua simu, nikasema mimi.

Binti akajikaza. "Mwambie mama, kumbe askari wake wanakuja kwa miguu."

Mama Gumba alijifunika uso kwa koti lake jeupe.

Leo ni siku ya kumi na tisa, na homa ya binti imepanda. Slaidi yake inakauka mezani pangu. Mama Gumba amesimama nje ya mlango, haruhusiwi kuingia slaidi ya mwanawe inaposomwa. Kidole chake kimetulia. Sijawahi kukiona hivyo.

"Digrii," ananiita, "usinionee huruma. Hesabu."

Bado dakika mbili ikauke.