Matandiko ya Simbilisi wa Mama

Kwetu Masisi hakuna muntu anayeuliza simbilisi walalie nini. Hawa wanyama wadogo, wale Wafaransa wanaita kobaye, wanakaa jikoni kati ya mafiga na ukuta. Wanakula maganda ya viazi na majani ya maharagi, wanalala fasi wanapotaka. Asubuhi mama wa nyumba anapiga ufagio, basi. Ni mimi peke yangu, katika hii milima yote, niliyemaliza musimu muzima wa mvua nikitafuta kitu cha kuwatandikia. Na nilishindwa. Ninaandika hivi, hasira ingali hapa kifuani.

Kwanza mujue mimi ni nani. Shule niliiacha mwaka wa ine wa primeri, na kalamu inanisumbua mupaka leo. Lakini mbao! Nilianza kwa kubeba mbao kwa kichwa, bila viatu, kutoka ndani ya pori la Walikale mupaka barabarani Kashebere. Leo niko na depo yangu ya mbao Masisi, na watu wenye diploma wanakuja kuniita patro, bwana mukubwa. Ukinifunga macho ukaniwekea ubao puani, nitakuambia ni muti gani, na kama ulikatwa wakati wa mvua ao wa jua. Nyumba yangu nilijijengea mwenyewe: matofali ya kuchoma, simenti mu vyumba vyote, karo nyeupe, vile vigae vya kung'aa, salo kwa wageni na jikoni. Mugeni akiingia anaogopa kukanyaga. Ninapenda hivyo.

Mama yangu alikuwa anakaa Kalembe, peke yake. Miguu yake ilianza kuvimba, na majirani waliokuwa wanamuchotea maji walihama mumoja mumoja. Miaka miwili nilimuomba aje kwangu. Kila mara jibu lilikuwa moja: "Na wanyama wangu je?" Mwishowe nikamwambia aje nao.

Alifika juu ya moto, ile pikipiki ya kukodi, amekumbatia kitunga, na ndani ya kitunga simbilisi watano wanapiga kelele: wii, wii, wii. Hawakuwa wa kula. Wa kula alishawagawia watu. Hawa watano ni wale alikuwa anaongea nao: dume mumoja wa rangi ya majivu, majike matatu madogo, na jike mumoja mwekundu mwenye mudomo mweupe, tumbo lake limejaa.

Bibi yangu, ndiye muke wangu, alimupokea vizuri, akamuvua kitenge cha safari, akamupa kiti. Halafu akaangalia kitunga.

"Mama, karibu kabisa. Lakini hawa, juu ya karo? Mikojo itaingia mu mistari, haitatoka tena."

Nikasema wanyamaze wote, mimi niko. Kwa siku mbili nilijenga kibanda cha simbilisi pembeni ya depo: mbao iliyopigwa randa, wavu wa chuma mbele, ngazi ndogo ndani, juu na chini. Nilipomaliza nikamuita Mama aje kuona.

"Papa," aliniambia, na akiniita papa, kama baba yake, njo anataka kunichoma, "hawa wamefanya kosa gani, unawatia buloko kama wezi?"

"Mama, hii haiko buloko. Ni etaje, gorofa kabisa. Hakuna simbilisi mwingine Masisi mwenye kukaa mu etaje."

"Na etaje yenyewe haina kitanda."

Nikacheka. Kumutandikia simbilisi, mimi, ni kazi gani? Nilileta majani mabichi ya kando ya muto, laini, yale ng'ombe wanapenda. Nikajaza juu na chini. Saa sita nikarudi: wamekula kitanda. Wamekula chote, wanakaa juu ya ubao mutupu uliolowa, wananiangalia kama wanangoja kingine. Usiku ule jike mumoja mudogo alivimba tumbo, na Mama alikaa naye magotini akimusugua mupaka asubuhi, na ile miguu yake.

Nikabadilisha. Jirani alikuwa amepiga maharagi yake, nikamuomba maganda makavu. Hapo walikula yaliyo laini, wakaacha vijiti. Vijiti vikawachoma nyayo. Chini ya vijiti mikojo ikakaa, ikaota ukungu mweupe, na harufu ikaanza kutembea. Siku ya shirika, tulipokutana kwangu kwa maombi, harufu ilifika salo mbele ya wakristo.

"Tuanze na kusali," mama mumoja wa shirika aliuliza, "ao tuanze na kufungua madirisha?"

Watu wakakohoa vicheko. Mbele ya karo zangu! Siku ile niliapa ile harufu nitaimaliza.

Nikajiambia: mimi ni muntu wa mbao. Kwa nini ninahangaika na majani? Nyuma ya depo, fasi wapasuaji wanafanya kazi, unga wa mbao unajaa kama kilima. Ni mukavu, unakunywa maji, haulikwi. Kulikuwa na unga mweupe wa kaliptusi, ambao watu wanachota bure. Na kulikuwa na unga wa libuyu, mwekundu, wa ile mbao yangu ya bei, ile inayotoka Walikale. Sasa mimi, mutoto mumoja wa Mama aliyefanikiwa, nimutandikie kaliptusi? Nikashika mufuko wa libuyu.

Mupasuaji wangu, muzee aliyenijua nikiwa bila viatu, aliniangalia nikijaza.

"Patro, huo sisi wenyewe tunaufungia kitambaa puani."

"Muzee, weye pasua mbao. Mambo ya mama yangu uniachie."

Nikamwaga kwa mikono miwili. Kulikuwa kuzuri, jamani! Kwekundu kama zulia la kanisa siku ya askofu. Niliwaita majirani waone. Hata bibi yangu alisema harufu imekatika. Mama peke yake njo alichukua unga kidogo kwa vidole, akanusa, akautupa.

Siku ya tatu chafya zikaanza. Ni chafya ndogo, kama mbegu inayopasuka mu moto, ta, ta, ta. Dume wa majivu macho yakafungwa na utongo. Nikasema ni baridi, nikaweka gunia mbele ya wavu. Kumbe nilizuia hata ile hewa kidogo. Siku ya Mungu asubuhi, tukijitayarisha kwa misa, Mama akamutoa dume akiwa amekufa, amekauka.

Alimufunga mu kipande cha kitenge. Halafu akaniambia, polepole, bila kuniita papa:

"Ulipokuwa unatoka Walikale na ile mbao, ulikuwa unakohoa mupaka unatapika. Nani alikuwa anakuchemushia majani? Uliona ni baridi?"

Ule unga ninaujua. Miaka mitatu uliishi mu kifua changu. Niliujua wakati ninajaza mufuko, na nikaujaza tu, sababu ya bei yake. Hilo njo linanikera kuliko yote. Kama ni mujinga asiyejua mbao njo alifanya hivyo, ningemusamehe.

"Jumamosi nitarudi Kalembe," Mama akasema. "Hawa wane wakifa hapa, mimi sina kazi hapa."

"Mama, Kalembe utakunywa maji ya nani?"

"Ya Mungu. Si mvua inanyesha?"

Nilijua maana yake. Kalembe, na miguu ile, angeanguka siku moja kati ya nyumba na muto, na mimi ningeletewa habari hapa depo, mbele ya wateja. Wiki ile sikuuza vizuri. Nilitoa unga wote, nikasafisha kwa maji ya moto, nikaenda mwenyewe mu migomba kukusanya majani makavu. Hayakulikwa sana. Hayakuleta chafya. Nikaona nimepata! Lakini juu ya ubao wangu wa randa majani yaliteleza, mikojo ikapita chini yake, na simbilisi wote wane wakajibana kona moja, wakitetemeka. Yule mwekundu aliacha kula, na tumbo lake likiwa kubwa namna ile.

"Sasa wanataka nini?" nilimupigia Mama kelele. Ndiyo, nilimupigia kelele, mama yangu. "Nimebadilisha mara ine! Wanataka matela ya kulalia kama watu?"

"Matandiko haina shida," alinijibu. "Chini yake njo kuna shida. Hawa wanazoea udongo, na moto, na miguu ya muntu ikipita. Kwako wanaona nini? Wavu."

Jumamosi motari wa pikipiki akafika, na mvua pamoja naye. Yeye akajificha chini ya mabati ya depo. Mama, na kitunga chake, akaingia mu kijumba cha udongo kilicho nyuma ya nyumba, ambamo mafundi walikuwa wanajipikia wakati wa kujenga. Nilikuwa na mupango wa kukibomoa nipate fasi ya kugeuzia kamyo ya kubeba mbao.

Nilimufuata nimuombe mara ya mwisho. Nilimukuta amekaa juu ya kigogo, kitunga kiko chini, kimefunguliwa. Yule mwekundu alitoka wa kwanza. Akanusa udongo, akafuata ukuta, akafika kwenye majivu ya zamani ya mafundi, akajinyoosha pale kama bwana. Wadogo wakamufuata, halafu wakaanza kuruka, juu, juu, kama mahindi mu kikaango. Wiki nyingi sikuwa nimeona hivyo.

"Leta ufagio," Mama akasema. "Na moto kidogo."

Nikaleta. Mvua ilipokatika motari akaita toka inje:

"Mama, tuende, barabara ingali nzuri!"

"Enda, mutoto wangu. Mimi nimefika."

Nilifurahi? Nilifurahi. Na nilikasirika mupaka meno yaliuma. Chumba chake kiko mu nyumba yangu, na kitanda cha libuyu nilichomuchongea mwenyewe, na pazia, na taa. Kiko tupu. Yeye analala mu kijumba cha mafundi. Nilibadilisha mabati, akakubali. Nilitoboa dirisha, akakubali. Niliposema niweke simenti chini, hata kidogo tu, akaniambia: "Mwaga simenti, na uniitie yule motari."

Basi kila siku ya pili, asubuhi, mbele ya kufungua depo, ninakaa pale juu ya kigogo kumutengenezea matandiko, kwa sababu yeye hawezi tena kuinama. Majivu kidogo mu kona wanapokojolea. Juu yake majani makavu ya mugomba, yale hayajanyeshewa. Unatoa muti wa katikati ya kila jani, unapasua kwa urefu. Ya zamani yanaenda kutupwa mu shamba la maharagi. Ni hivyo tu. Mama alikuwa anajua hivyo tangu siku ya kwanza, na hakuna siku nilimuuliza.

"Pana sana," ananiambia. "Unafuma mukeka? Pasua tena."

Yule mwekundu alizaa wawili, macho wazi, na siku ileile wakakimbia. Shirika ilipokutana tena kwangu, yule mama wa madirisha alikuja nyuma ya nyumba kuwaona. Alinikuta nimekaa chini, majani magotini. Akaangalia nyumba yangu, akaangalia kijumba.

"Papa, nyumba yote hii, na Mama analala mu udongo?"

Nilitaka kumuelezea. Nikafikiria majani ya muto, na maganda, halafu nikafika kwenye ule unga mwekundu, na nikainamia jani langu.

Mama njo alijibu, toka ndani:

"Mumuache. Angali anajifunza kutandika."

Alicheka, yule mama, mupaka akashika ukuta. Bibi yangu pia alicheka, nilimusikia mu dirisha la jikoni. Mimi sikucheka. Nilishika jani lingine, nikalipasua jembamba zaidi.