Ukuta wa Bruhan

Nayaandika haya kwa Kiswahili makusudi. Wazee wa ukoo wa mama yangu kule Malukhu, mjini Mbale, hawasomi Kiswahili. Kwao hiyo ni lugha ya wanajeshi na ya watu wanaogonga mlango kwa buti. Mimi nilianza kujifunza madrasani, nikamalizia saluni, kwa wake wa askari magereza ninaowasuka hapa Walukuba, Jinja. Kwa hiyo siri yangu iko salama. Wanaoweza kuisoma haiwahusu, na inaowahusu hawataisoma.

Siri yenyewe ni ya mdogo wangu Bruhan, mwanamuziki. Usimuulize anapiga muziki gani kama una haraka. Ijumaa anapiga dufu kwenye kasida. Jumamosi yuko harusini na kinanda. Jumapili asubuhi, kijana huyu aliyekhitimu Kurani, yuko kwa walokole akiwapigia gitaa la besi, nao wanamwita Brian ili mchungaji asipate shida. Jumatatu ni rege. Siku zinazobaki anasikiliza rumba, taarabu na nyimbo za filamu za Kihindi, na zote anazipenda kwa dhati, kama mtu anayekaribishwa chakula nyumba tano na hajui kukataa.

Laiti angezipenda kimyakimya! Lakini Bruhan alikuwa na ugonjwa mmoja, wa kutangaza. Kila alipopata mwelekeo mpya, jambo la kwanza halikuwa mazoezi. Jambo la kwanza lilikuwa kumwita Magid, mchora mabango, aje aandike kwenye ukuta wetu wa mbele unaotazama barabara. Tulianza na RAS BRUHAN. Ikaja BRUHAN MFALME WA RUMBA. Kisha USTADH B NA KASIDA ZA KISASA. Rangi ya Magid ni ya bei ya Magid, hivyo mvua kubwa ikinyesha Ras alichungulia chini ya Ustadh, na mama yetu akaona haya kurudi msikitini kwa njia ile.

Mtaa mzima ulimshauri. Mshika mbili moja humponyoka, walisema. Njia mbili zilimshinda fisi. Watu ambao hawajawahi kupiga hata filimbi walimweleza namna ya kujenga jina. Jirani yetu afande Douglas wa magereza, mtu wa kaskazini, ndiye aliyemshauri kwa ufupi.

"Bwana Bruhan, mimi iko na swali moja. Askari wakienda lefti na raiti pamoja, hiyo ni gwaride ama ni ajali?"

"Hiyo ni jazi, afande."

"Hapana. Chagua moja. Hiyo ni oda."

Bruhan alicheka, lakini mimi dada yake niliona ilimchoma. Alikuwa amefika umri ambao wenzake wana mabango mapya mjini, yeye ana ukuta wa mama.

Basi mwaka ule wa tohara, mjomba Mafabi akapiga simu kutoka Malukhu. Mwanawe Semei angefanya imbalu, tohara ya kimila ya watu wetu wa mlimani, mwezi wa Agosti, na kikundi cha kadodi kilikuwa kimepungukiwa na mpiga ngoma. Kadodi ni zile ngoma zinazoning'inizwa begani na kupigwa njia nzima, kijana akicheza mbele yazo kutoka kwa jamaa hadi kwa jamaa, mpaka siku anaposimama uwanjani mbele ya kisu. Bruhan akakata simu macho yakimng'aa.

"Dada Nusifa, nimepata mwelekeo. Mizizi!"

Kufika jioni Magid alikuwa ameshaandika BRUHAN KADODI ORIJINO. Bruhan mwenyewe alikuwa hajawahi kuivaa ngoma hiyo hata mara moja.

Tulikwenda Mbale pamoja. Nimseme vibaya kwa yote, lakini si kwa mikono yake. Kwa siku chache tu alikuwa anapiga kama mzaliwa wa mlimani. Shida ni kwamba kadodi ni mdundo mmoja, asubuhi mpaka jua linazama, na mjomba Mafabi alimjua mpwa wake.

"Ngoma haibadilishwi," alimwambia. "Kijana anabebwa na ngoma. Ukiibadilisha, ataanza kufikiri. Na kijana anayefikiri mbele ya kisu, huyo tumeshampoteza."

Semei alikuwa ameanza kufikiri zamani. Alikuwa mwanafunzi, amepanga chumba mtaa wa Nkoma, na kwenye simu yake alikuwa amesoma kila kitu kilichoandikwa duniani kuhusu damu. Sisi tulimlea likizo zote. Alipokuwa mdogo, Bruhan alimtungia wimbo wake wa kwanza kabisa, rumba moja ya kipuuzi kuhusu mbuzi wa mjomba aliyeingia kanisani akala karatasi za nyimbo za kwaya. Mbuzi anatafuna Haleluya ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwaya nzima inamsubiri amalize. Tuliujua sisi watatu tu, maana mjomba ni mzee wa kanisa.

Siku mbili kabla ya kukatwa, Semei alinivuta pembeni.

"Dada, nikipepesa jicho je?"

"Hutapepesa."

"Lakini nikipepesa?"

Jibu tulilijua wote. Anayepepesa, anayerudisha mguu nyuma hata kidogo, hukumbukwa. Akigombana na mtu kuhusu mpaka wa shamba, atakumbushwa. Atakumbushwa kwenye harusi ya mwanawe. Wajukuu zake wataambiwa na walevi. Nilimshika mkono, nikamwogopea sana.

Siku ikafika. Semei akaja mbio, amepakwa matope mwili mzima, umati ukimsukuma kwa nyimbo, kadodi ikiunguruma nyuma yake. Mjomba alikuwa mbele na fimbo yake. Mama yake Semei alikuwa ndani ya nyumba, kama mila inavyotaka. Nami nilikuwa juu ya kiti cha plastiki nikiona yote, hata uso wa Semei, ambao haukuwa uso wa mtu anayebebwa na ngoma. Ulikuwa uso wa mtu anayehesabu.

Hapo ndipo watu walipoinua simu zao kurekodi. Nadhani kulikuwa na simu nyingi kuliko watu. Bruhan aliziona. Mtu mwenye ugonjwa wa kutangaza, mwonyeshe simu hamsini! Akaona hapa ndipo pa kuongeza kionjo chake, video iende mbali. Mkono wa kulia ukaacha kadodi, na kwa furaha ukaenda pale unapokwenda wenyewe ukilewa sifa, kwenye wimbo wake wa kwanza. Katikati ya uwanja wa imbalu, mbele ya wazee wa ukoo, ndugu yangu akapiga mbuzi.

Nilitamani ardhi inimeze. Wapiga ngoma wenzake walipoteza mdundo. Mjomba Mafabi aligeuka na fimbo, akamchoma Bruhan nayo kwenye mbavu, na kadodi ikarudi haraka. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Nikamtazama Semei, nikangoja kuona aibu ya ukoo wetu.

Alikuwa amesimama wima, mikono juu, kidevu mbele. Pembe moja ya mdomo wake ilikuwa imepinda.

"Mnamwona?" mzee mmoja alipiga kelele. "Anakidharau kisu!"

Ngoma zikanyamaza, mkataji akafanya kazi yake, na Semei hakutikisika hata ukope. Filimbi ikalia, ishara kwamba kazi imekwisha. Mama yake akatoka ndani akipiga vigelegele, mimi nikaanguka kutoka kwenye kiti.

Bruhan akatozwa faini ya jogoo. Kisha mjomba, ambaye furaha ilimfanya mpole, akamsimamisha mbele ya watu. "Ulipotea, mwanangu, ukarudi njiani, na njia ikambeba ndugu yako. Usiiache tena." Bruhan akalia machozi halisi. Akaapa kwamba tangu siku ile ni kadodi tu. Simu zote hamsini zilirekodi kiapo hicho.

Aliyetoka kukatwa haruhusiwi kula kwa mikono yake mpaka mkataji aje kumnawisha, hivyo kesho yake Bruhan alikuwa anamlisha Semei uji kwa kijiko, kwa unyenyekevu mpya ambao ulikuwa unanichosha. Mimi nilikuwa nafagia.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema. "Nilikaribia kukuharibia maisha."

Semei akameza uji. "Kaka, nikuambie kitu? Ile kadodi haikunibeba. Ilikuwa inanitisha. Miguu ilishakwisha, nilikuwa natafuta pa kukimbilia. Halafu nikamsikia mbuzi." Akaanza kucheka, akajishika, maana kucheka kulimuuma. "Nikaiona kwaya yote inamsubiri. Mtu anayejizuia kucheka hana nafasi ya kuogopa. Ulinisimamisha wewe."

Bruhan akabaki na kijiko hewani. Maisha yake yote alikuwa akingoja mtu mmoja amwambie hivyo, kwamba ule mchanganyiko wake si ajali. Mdomo ukafunguka. Naujua mdomo ule. Ulikuwa umeshaanza kumwita Magid.

"Lakini wazee wakijua," Semei akasema polepole, "watasema sikusimama. Watasema nilichekeshwa."

Bruhan akafunga mdomo, akachota uji mwingine, akaupuliza.

"Kula," alisema.

Tangu hapo hajasema neno kuhusu mbuzi, na mnajua sasa hilo lilimgharimu nini. Ukuta umebaki KADODI ORIJINO, kwa sababu akiufuta watu watauliza. Anaitwa Mbale, Manafwa, hata kwenye harusi za Jinja, na popote anapokwenda ni mdundo ule mmoja. Walokole wamepata mpiga besi mwingine. Mtaa unamsifu kwamba hatimaye amekomaa.

Idi iliyopita Semei alikuja kutusalimu. Baada ya biriani akamwambia, "Kaka, nipigie basi." Bruhan akafunga dirisha, akafunga na mlango, akachukua gitaa. Mimi nilikuwa nje nimekaa chini ya ukuta nikimsuka mteja, nikawasikia. Alimpiga mbuzi kwa rumba, akamwingiza kwenye kasida, akamtoa kwa rege, na sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo kutoka nyumba yetu. Nililia, mteja akadhani nina mafua.

Afande Douglas akapita, akasimama, buti yake ikaanza kugonga vumbi.

"Nusifa, hiyo muziki ni ya nani?"

"Redio, afande."

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akautazama ukuta, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mtu kama huyo angefundisha Bruhan kidogo," alisema. "Lakini yeye ni mtu ya kadodi tu."

"Ndiyo, afande," nikajibu.